Korodani yangu moja haikushuka, nina miaka 29: nisubiri saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Nachingwea, nalima korosho na msimu ukiisha naendesha bodaboda. Tangu nizaliwe nina korodani moja tu, ya kushoto. Ya kulia haipo, ila nikikohoa au nikibeba gunia nahisi kitu kama kipira kidogo hapa kinenani. Kule jandoni mzee aliyetushughulikia aliona, akasema ni mshipa, nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu mpaka nilipooa. Nina watoto wawili. Huyu wa pili ni wa kiume, ana miezi 8, na mama yake amegundua kwamba naye hana moja. Nikauliza duka la dawa, nikaambiwa korodani iliyobaki juu lazima igeuke saratani, na nikipasuliwa ndiyo itasambaa haraka. Tangu siku hiyo silali. Nifanye nini? Na mtoto nimsubirishe mpaka atakapokwenda jando?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Lile neno "lazima" ulilopewa dukani lifute kwanza, ndipo tuzungumze. Wanaume wengi mno wenye korodani iliyokwama juu huzeeka na kufa kwa mambo mengine kabisa, bila kuiona saratani hiyo. Lakini aliyekutisha hakuzua kila kitu. Hatari yako ni kubwa kuliko ya mwanaume ambaye zake zilishuka zote mbili. Tena yako imejificha mahali ambapo likitokea jambo utachelewa kulijua, na hilo ndilo linalonisumbua mimi kuliko ukubwa wa hatari yenyewe.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyokunyima usingizi. Saratani ya korodani ni ugonjwa adimu. Nchi zinazoongoza kwa ugonjwa huu ni za kaskazini mwa Ulaya, kama Norway na Denmark, ambako kila mwaka hupatikana wagonjwa kama 10 katika kila wanaume 100,000. Kwetu, sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, hesabu hiyo haifiki hata mgonjwa mmoja. Marekani, ambako ugonjwa ni mwingi kuliko huku, mwanaume mmoja katika 250 hivi huupata katika maisha yake yote.

Sasa korodani isiyoshuka inaongeza kiasi gani? Utafiti ninaoutegemea zaidi ulifanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2007. Walifuatiliwa wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa ili korodani zishushwe. Wote hao kwa pamoja, waliopata saratani walikuwa 56. Waliopasuliwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari ya kama mara 2 ya wanaume wa kawaida wa kule. Waliochelewa mpaka miaka 13 na kuendelea, mara 5 na kidogo. Wewe hujapasuliwa kabisa, kwa hiyo jiweke katika kundi hili la pili. Chukua mara 5 uzidishe kwa hesabu ya Marekani: unapata mtu 1 katika 50. Yaani hata tukikukadiria kwa ukali, kwa kipimo cha kuazima kutoka nchi yenye ugonjwa mwingi, 49 hawaguswi. Kwa kipimo cha kwetu wanaosalimika ni wengi kuliko hapo. Ukilala usiku wa leo, lala na hiyo.

Sababu kubwa inayotajwa ya hatari hii ni joto. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, korodani huumbika juu karibu na figo, halafu husafiri. Kwenye mwezi wa 7 na wa 8 wa mimba hupita katika mfereji wa kinena na kuingia mfukoni. Mfuko huo umewekwa nje ya mwili kwa makusudi, maana joto lake ni pungufu ya lile la tumboni kwa nyuzi 2 hadi 4. Korodani inayobaki ndani inapikwa taratibu kwa joto ambalo haikuumbiwa. Seli ambazo zingekua na kutoa mbegu za uzazi hudumaa. Nyingi hufa. Chache hubaki na uchanga ule ule zilizokuwa nao kabla ya kuzaliwa, na hizo zilizogoma kukua ndizo zinazoweza kuharibika miaka 20 au 30 baadaye. Ndiyo maana saratani hii, tofauti na nyingine nyingi, huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 15 na 40. Huko unakoelekea, ukishavuka 50, inazidi kuwa adimu.

Hapa niweke neno pembeni. Watu wanachanganya maneno mawili ya Kiswahili yaliyo wazi kabisa: pumbu ni mfuko, kende ni kilichomo. Kwa hiyo pumbu unalo kama mwanaume mwingine yeyote, ila kende moja haikuwasili. Naandika "korodani" kwa sababu ndilo neno la hospitali, na ukilitamka mbele ya muuguzi hatainua macho.

Usimtafute mchawi katika jambo hili, wala usimwulize mama yako alikula nini akiwa na mimba yako. Kati ya watoto wa kiume 100 waliozaliwa kwa wakati, kama 3 huzaliwa korodani moja au zote hazijafika. Kwa watoto njiti idadi inaweza kufika 30. Nyingi hujishusha zenyewe katika miezi ya mwanzo, na mtoto akitimiza mwaka anakuwa amebaki kama 1 katika 100. Huonekana zaidi kwa waliozaliwa na uzito mdogo, na hutembea katika familia. Kwamba wewe na mwanao mmelingana si ajabu.

Sasa twende jandoni. Sina ugomvi na yule mzee. Aliona, akatia jina alilokuwa nalo. Lakini huku kwetu Kusini, kuanzia Kilwa mpaka Newala, "mshipa" limekuwa kapu la kutupia kila kitu kilicho chini ya kitovu: ngiri ni mshipa, busha ni mshipa, nguvu zikipungua ni mshipa, mgongo ukiuma baada ya kupalilia ni mshipa. Tumeishi na matende na mabusha muda mrefu. Lindi na Mtwara ni kati ya mikoa iliyobeba mzigo mkubwa wa minyoo ile inayoenezwa na mbu, na wengi mmemeza vile vidonge vya kampeni, ivermektini na albendazole. Kwa hiyo mtu akiona kitu si cha kawaida pale, akili yake inakimbilia busha. Na busha limekuwa la kawaida kiasi kwamba wazee wengine wanalibeba miaka 10 bila kumwonyesha mtu.

Mazoea hayo yana gharama. Simsahau mgonjwa mmoja, kijana wa rika lako kasoro miaka miwili. Korodani yake ilikuwa imeshuka nusu, imekaa juu kidogo ya mfuko, ikaanza kuvimba. Hakuna maumivu. Alikunywa dawa za mizizi kwa busha kwa miezi kadhaa. Kisha mahali fulani, sipataji, wakamchoma sindano kutoa maji bila kumpima chochote. Yakatoka maji kidogo, uvimbe ukabaki pale pale, mgumu kama kokwa la embe. Alipofika kwangu nilizima taa nikawasha tochi ya simu nyuma ya uvimbe ule. Busha la kweli hung'aa jekundu kama taa ya karabai kwa sababu ni maji matupu. Lile lilibaki giza. Tuliitoa korodani, akapelekwa Ocean Road Dar es Salaam kwa dawa, na yuko hai. Lakini alipitia mizunguko ya dawa ambayo huenda asingeihitaji kama angekuja mapema. Tochi si kipimo cha kumaliza ubishi, maana saratani nayo huweza kujaza maji kuizunguka. Kipimo ni ultrasaundi.

Kwako wewe kwa sasa ni hivi. Hicho kipira unachokihisi ukikohoa kinaweza kuwa korodani yenyewe ipo kwenye mfereji wa kinena. Inawezekana pia ni ngiri, kipande cha utumbo kinachosukumwa kupitia njia ambayo haikufunga korodani ilipokwama. Mara nyingi huwa vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu mlango ule hubaki wazi. Nikikupima nitakulaza, nitapasha mikono moto, nitapapasa kinena polepole. Katika watu 10 wenye hali yako, 8 hivi tunaipata kwa vidole tu. Tukiipata kinenani, ultrasaundi itatuambia ukubwa wake na kama kuna doa lisilofanana na nyama nyingine. Tusipoipata, huenda iko ndani ya tumbo, na kwa mtu mzima hapo siti skani au kamera ya tumboni ndiyo inayoamua. Kuna watu pia ambao tukitafuta tunakuta haipo kabisa, ilikauka kabla hawajazaliwa. Hao huenda nyumbani bila deni. Ila hilo hutangazwa baada ya kutafuta. Kudhani haitoshi.

Tukiipata, na ile ya kushoto ikawa nzima, ushauri wangu kwa mtu wa miaka 29 ni kuitoa. Najua neno hilo linavyoingia sikioni mwa mwanaume. Nisikilize lakini. Korodani iliyokaa kinenani miaka 29 haina tena mbegu za maana, imeshapikwa. Ukiishusha leo hutairudishia kazi yake ya uzazi. Watoto wako wawili wametokana na ile ya kushoto. Homoni ya kiume nayo, ile inayokupa sauti, ndevu na hamu, korodani moja nzima inatengeneza ya kutosha mwili mzima. Hutapungukiwa chumbani, hutalegea misuli, gunia utalibeba vile vile. Unachotoa ni kitu kisichofanya kazi na kinachohitaji kulindwa maisha yote. Wapo madaktari watakaokupa njia ya pili, kuishusha mfukoni na kuchukua kinyama kidogo cha kupima, ili iwe mahali unapoweza kuipapasa. Si kosa, na kama roho yako haikubali kuitoa, hiyo ni bora kuliko kuiacha ilipo. Lakini ukinilazimisha kuchagua, naitoa. Kwa mzee wa miaka zaidi ya 50 aliyeishi nayo salama, huwa naiacha na kuifuatilia tu, maana hapo hatari ya usingizi wa upasuaji inaweza kuizidi ile ya saratani.

Mambo yangekuwa tofauti kama zote mbili zingekuwa juu. Hapo hatuendi na kisu mbio, maana ukizitoa zote unamwachia mtu utegemezi wa homoni maisha yake yote. Hupimwa mbegu, hupimwa homoni, na huangaliwa kinachoweza kuokolewa. Msomaji mwingine mwenye hali hiyo asichukue jibu la huyu wa Nachingwea akalifanya lake.

Na wewe pia, kabla ya upasuaji, omba kupimwa mbegu. Ni kikombe kimoja na nusu saa ya aibu. Kama mna mpango wa mtoto wa tatu, ni vizuri kujua ya kushoto imesimamaje kabla hatujagusa chochote.

Upasuaji wenyewe si mkubwa. Mara nyingi ni ganzi ya mgongo, unabaki macho huku kuanzia kiunoni kwenda chini huna habari. Tunapasua kinenani, mshono mfupi wa kufichwa na nguo ya ndani, na ngiri ikiwepo inafungwa hapo hapo. Watu wengi huruhusiwa kesho yake. Bodaboda utaipumzisha wiki kadhaa, na magunia zaidi ya hapo, kwa ajili ya ule mshono wa ngiri. Kwa hiyo usije ukapasuliwa katikati ya uvunaji kisha ukatoroka kwenda shambani. Nimewaona wa namna hiyo wakirudi na mshono uliofumuka.

Hofu ya kwamba kisu kinaisambaza saratani naijibu kwa urefu kidogo, kwa sababu imewaua watu wengi kuliko kisu. Inatoka wapi? Inatoka kwa ndugu waliompeleka mgonjwa hospitali saratani ikiwa imeshajaa tumboni. Akapasuliwa, akafariki baada ya wiki tatu, wakahesabu siku kuanzia kwenye kisu badala ya kuanzia miezi minane aliyokaa nyumbani. Lakini ndani ya uongo huo kuna punje ya kweli inayohusu korodani hasa, na ni vizuri uijue. Uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani ya korodani hauchomwi sindano wala haupasuliwi kupitia kwenye mfuko. Ngozi ya mfuko husafirisha uchafu wake kwenda kwenye tezi za kinena, wakati korodani yenyewe husafirisha kwenda nyuma ya tumbo, karibu na figo, kule ilikozaliwa. Ukipitia mfukoni unaifungulia saratani njia ambayo haikuwa nayo. Ndiyo maana tunaingia kinenani, tunafunga mishipa ya damu, kisha tunaitoa nzima. Kwa hiyo siku yoyote, mtu yeyote, akitaka kuchoma sindano kwenye uvimbe mgumu wa korodani kabla ya ultrasaundi, vaa suruali uondoke.

Pamoja na ultrasaundi utatolewa damu kupima vitu vitatu vinavyoandikwa kwa herufi, AFP, hCG na LDH. Vikipanda vinaweza kuonyesha kuna uvimbe unaofanya kazi, na baada ya matibabu vikishuka ni dalili nzuri. Hicho cha kati, hCG, ni kile kile kinachopimwa kwenye mkojo wa mama mjamzito. Wanaume wachache wenye saratani hii kipimo cha mimba kimewahi kuwasomea mistari miwili, na wengine huvimba matiti. Usikimbilie kununua kijiti hicho dukani kujipima, maana uvimbe mwingi hautoi homoni hiyo na utajidanganya uko salama.

Mpaka siku ya miadi, na hata baada ya upasuaji kwa ile iliyobaki, jifunze kujipapasa. Mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto, mfuko ukiwa umelegea. Iviringishe korodani kati ya dole gumba na vidole viwili. Inapaswa kuwa laini na nyororo kama yai la kuchemsha lililomenywa, na nyuma yake kuna kijikamba chenye vinundu laini. Hicho ni cha kawaida, ni njia ya mbegu, usije ukakimbilia hospitali nacho. Unachotafuta ni kitu kigumu kilichomo ndani ya yai lenyewe, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama. Mwanaume wa kawaida simsumbui na zoezi hili. Wewe nakusumbua.

Ile ya kinenani nayo ipapase. Kipira kikianza kukua, kikiwa kigumu, kikaacha kurudi ndani ukilala, usingoje miadi. Na kama ghafla kinena kitauma sana pamoja na kutapika, hiyo ni dharura ya saa chache. Korodani inaweza kuwa imejinyonga, au utumbo umebanwa kwenye ngiri. Hapo hata kama ni saa nane usiku, mwamshe jirani mwenye gari. Maumivu yasiyoisha ya mgongo wa chini, uvimbe tumboni na kikohozi cha wiki nyingi kwa mtu mwenye hali yako navyo visemwe kwa daktari, ingawa mara nyingi vitakuwa na sababu nyingine. Saratani yenyewe inapoanza huwa haiumi, na hapo ndipo inapowapata vijana wengi.

Tuseme basi mabaya yatokee. Ikikamatwa kabla haijatoka kwenye korodani, na matibabu yakapatikana, zaidi ya wagonjwa 95 katika 100 hupona. Hata ikishasambaa haimaanishi mwisho, tangu ilipopatikana dawa ya sisplatini na kuanza kutumika kwa ugonjwa huu miaka ya 1970. Kama ulifuatilia AFCON iliyofanyika Ivory Coast, unamkumbuka Sébastien Haller. Julai 2022, mara tu alipohamia Borussia Dortmund, alikutwa na uvimbe wa saratani kwenye korodani. Akapewa dawa, akapasuliwa mara mbili, Januari 2023 akarudi uwanjani. Februari 2024 ndiye aliyeifungia Ivory Coast bao la ushindi dhidi ya Nigeria katika fainali. Kwenye bodaboda pale kijiweni mlilishangilia au mlilinunia, sijui ulikuwa upande gani. Na kwa kuwa nimetaja bodaboda: kukalia pikipiki kutwa hakusababishi saratani ya korodani. Nimeulizwa hilo mara nyingi.

Nimemweka mwanao mwishoni kwa sababu wewe una nafasi ya wiki kadhaa za kujipanga, na nilitaka ufike hapa ukiwa umetulia. Swali lako la jando jibu lake ni hapana. Korodani ikishindwa kushuka yenyewe mpaka miezi 6, uwezekano wa kushuka baada ya hapo ni mdogo sana. Kuanzia hapo joto lile nililokueleza linaanza kula seli. Upasuaji wa kuishusha hufanywa kati ya miezi 6 na 18. Akipasuliwa humo, ile korodani itabaki, itakua, na kwa wenye tatizo la upande mmoja, kama wanaume 9 katika 10 hupata watoto wakiwa wakubwa. Akingoja mpaka umri wa jando, miaka 8 au 10, sehemu ya faida ya uzazi imeshapotea. Akingoja mpaka umri wako, atasoma jibu kama hili nililokuandikia wewe. Kama alizaliwa njiti, hesabu miezi yake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Kabla ya kumpeleka, mwambie mama yake afanye jambo dogo: amwogeshe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha atazame. Zipo korodani zinazopanda zikihisi baridi au mkono mgeni, na kushuka mtoto akiwa na joto au amelala. Hizo ni nzima, hupimwa mara moja kwa mwaka tu mpaka abalehe, kwa sababu chache huja kupanda jumla. Asipoiona hata kwenye maji hayo ya uvuguvugu, mpelekeni. Ultrasaundi kwa mtoto wa hivi si ya lazima, vidole vya daktari wa upasuaji vinatosha, msitozwe fedha ya picha kisha mkakosa ya nauli. Na msikubali sindano za homoni za kuishusha. Zilitumika zamani, faida yake ni ndogo na hatuzipendekezi tena.

Kwa kinamama wanaosoma hapa: mtoto anayeonekana wa kiume akizaliwa na mfuko mtupu kabisa, zote mbili hazipapasiki, au tundu la mkojo liko chini ya uume badala ya kwenye ncha, asitahiriwe kwanza. Aonwe na daktari ndani ya siku hizo hizo. Baadhi ya watoto hao wana tatizo la homoni linaloweza kuwatoa roho ndani ya wiki za kwanza, na wachache wao kumbe ni wa kike. Ngozi ile inayokatwa nayo huhitajika baadaye kurekebisha njia ya mkojo.

Umesema unalima korosho, na huenda unangoja fedha za msimu. Kwa upasuaji wako sawa, anza na vipimo sasa na upange kisu baada ya mnada. Kwa mtoto usingoje mnada. Sera ya afya imekuwa ikiwasamehe ada watoto chini ya miaka 5 katika vituo vya serikali, na ukikwama kwenye malipo, hospitali ya rufaa ya mkoa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Uliza iko chumba gani. Anzia hospitali ya wilaya hapo Nachingwea uandikiwe rufaa yenu wote wawili. Kutoka hapo unaweza kuelekezwa Sokoine pale Lindi, Ligula au hospitali ya kanda kule Mitengo, Mtwara. Hospitali ya Ndanda nayo si mbali nawe. Ulizia siku ya kliniki ya upasuaji kabla hujapanda gari, ili usifike siku ambayo daktari yuko chumba cha upasuaji kutwa nzima.

Pale mapokezi watu ni wengi na wanasikiliza. Huna haja ya kutaja korodani. Sema "nimekuja kliniki ya upasuaji, tatizo la kinena", inatosha kuandikwa kwenye kadi. Mengine msemee ndani, mlango ukishafungwa, na mwanao mvue nepi kabisa kabla daktari hajaanza kumpima, mikono ya daktari ikiwa imeshapashwa moto.